Aliyetukanwa na Asiyetukanwa

Jumamosi, tarehe ishirini, mwezi wa tisa. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa vumbi jekundu unaoingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, na wingu halikuonekana hata moja. Naandika nikiwa Zuzu, nyumbani kwa marehemu shangazi yangu Damari, dada yake baba, tuliyemzika miezi mitatu iliyopita. Leo fundi alikuwa anakuja kulijengea kaburi, na kabla hajachanganya saruji ilibidi ukoo ukubaliane maneno matatu tu ya kuandika chini ya jina lake: binti wa nani. Mtu wa mbali atashangaa kwamba wazee wazima wanakaa kikao kujadili jambo hilo. Lakini siku ya mazishi, Joeli, mtoto wa kaka yangu Yeremia, alisimama na simu yake mkononi akasoma wasifu wa marehemu. Akasoma kuwa shangazi Damari alizaliwa pande za Kondoa kwenye familia ya Kirangi, akaletwa hapa Zuzu akiwa mdogo wakati wa njaa, na familia yetu ikamlea kwa upendo mkubwa. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake, na sikusema kitu, kwa sababu maneno yale niliyafahamu. Nilishayasikia humu humu Zuzu nikiwa na miaka kumi na mitano, na karibu mwaka mzima niliyaamini.

Elimu yangu ni darasa la saba. Joeli ana digrii na anafanya kazi ofisini Mtumba. Kwa hiyo siandiki nikijifanya najua kuliko yeye. Naandika niliyoyaona na niliyoyasikia, na pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Kilichonifanya nitoke Nkuhungu nije huku ni simu ya Salome, binti pekee wa shangazi Damari, ambaye ndiye anayeishi hapa nyumbani. Aliniambia kuwa kaka Yeremia ameshampa fundi maneno ya kuandika: "Mpendwa wetu Damari, aliyelelewa na ukoo huu." Akasema wakiandika hivyo basi yeye Salome ni mgeni aliyesahau kuondoka. Halafu akasema, "Tena dada Perisi, wajukuu wa Mzee Masinga wananiamkia kwa adabu siku hizi. Tangu mazishi. Wakinikuta njiani wanasimama, shikamoo mama, wanapita." Akaanza kulia. Mtu asiyejua atauliza, kuamkiwa kwa adabu nako ni jambo la kumliza mtu? Ndiyo, na nitaeleza kwa nini.

Kuhusu kaka Yeremia nilikuwa na mashaka, sifichi. Zuzu ya sasa si ile ya zamani. Mji umeshafika, wapimaji wanapita na vigingi vyao, na watu wa magari wanaulizia viwanja. Mtu aliyezaliwa nyumbani huwezi kumhamisha, lakini mtu aliyelelewa unaweza kumshukuru na kumwonyesha njia. Nililiwaza hilo njia nzima. Ila ni haki niandike pia kuwa Yeremia huyo huyo ndiye aliyelala hospitali na shangazi alipougua, akimgeuza kitandani kama mtoto wake wa kumzaa, wakati mimi nilikuwa nasumbuliwa na magoti nyumbani kwangu. Mambo yote mawili ni kweli, na sijui lipi linazidi.

Sasa mwaka wenyewe. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, nasi tulikulia kwenye kota za reli Itigi, pamoja na watoto wa kila kabila. Nilipomaliza darasa la saba na jina langu kutotoka miongoni mwa waliochaguliwa, baba akasema niende Zuzu kwa Bibi, mama yake, nikajue kwetu. Nikakuta tembe, mojawapo ya yale machache yaliyokuwa yamesalia, la paa bapa la udongo, ndani kiza na ubaridi mzuri, moshi umeganda kwenye miti ya dari, na harufu ya ndama inakufuata mpaka kitandani. Mlangoni ilikubidi uiname, na mimi niligonga kichwa wiki nzima, Bibi akisema reli imenifundisha kutembea kama mlingoti. Mle ndani walikaa wanawake watatu. Bibi mwenyewe, ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia. Shangazi Damari, mwenye kama miaka thelathini na tano hivi, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Kondoa alikoolewa na kuachika, akiwa na Salome mgongoni. Na mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Tatu, mrefu, mkimya, ambaye nilipouliza ni nani niliambiwa ni Tatu tu, huyu ni wa hapa hapa.

Mtoto akipewa jibu kama hilo hutafuta lake mwenyewe. Nilianza kuwachunguza. Tatu alilala chumba kimoja na Bibi. Damari alilala na mimi na Salome kwenye chumba cha pembeni, kilichopakana na ndama. Ufunguo wa sanduku la Bibi alikuwa nao Tatu. Wakati wa kula, Bibi alimmegea Tatu tonge la kwanza kwa mkono wake, ugali wa uwele aliouchovya vizuri kwenye mlenda, lakini Damari alijimegea mwenyewe tena akikemewa kuwa anamega kubwa. Damari alijifunika kanga kichwani hata jikoni. Akishiba husema "Alhamdulillahi," halafu anakumbuka alipo, anasema "Asante Yesu," na Bibi anaguna. Mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Kondoa alipopita, Damari alizungumza naye Kirangi mpaka wakacheka wote wawili, wakati mimi hata Kigogo chenyewe kilikuwa kinanipita nusu. Nilikuwa naweka haya yote kichwani mwangu, moja baada ya jingine, na kila moja lilionekana kuelekea upande uleule.

Ndipo akaja Masinga. Wakati huo alikuwa kijana wa makamo, mwenye baiskeli yenye kengele mbili na kofia ya kitambaa, na kwao ni kitongoji cha pili. Nilikuwa chumbani mchana wa jua kali, nimejilaza kwenye ngozi, na ukuta wa tembe una matundu. Nikasikia kengele, nikasikia baiskeli ikiegeshwa ukutani. Bila hata kusalimia akasema, "Damari, bado upo? Si tulikwambia urudi kwenu? Mzee wa watu alitoa pakacha la chumvi apate binti, wakampa wewe, na chumvi ile imeshaliwa ikaisha. Sasa wewe wa nini?" Nikajua Bibi atainuka na fimbo. Bibi akacheka. Akacheka mpaka akakohoa. Shangazi Damari akajibu bila hata kuacha kutwanga, "Chumvi hiyo aliila mama yako peke yake. Ndiyo maana ukakauka hivyo, unalia kama ngozi ya ngoma." Kisha akamletea kibuyu cha maziwa ya mgando, na Masinga akasema yananuka, akayanywa yote.

Nilibaki pale kwenye ngozi. Nilijiambia, kumbe ndivyo. Watu wazima hawawezi kumtupia mtu jambo zito namna ile mbele ya mama yake, na mama akacheka, kama si kweli na limezoeleka. Tena kilichonithibitishia zaidi ni alivyofanya alipotoka. Tatu alikuwa anarudi na kuni. Masinga huyo huyo akavua kofia, akaegesha baiskeli upya, akasema, "Shikamoo mama. Mbukwa. Mmeshindaje?" Akamuuliza habari za kifua chake, akatoa mfukoni kifundo cha ugoro alichokuwa amemletea, akampa kwa mikono miwili. Niliyaona hayo kupitia tundu la ukuta. Kwa akili zangu za miaka kumi na mitano hesabu ilikamilika: Tatu ndiye binti wa Bibi, ndiye shangazi yangu halisi, na Damari ni wa kuokotwa ambaye kila mpita njia anaweza kumtukana.

Basi nikaishi mwaka ule nikiwa na siri ambayo haikuwa siri. Nilimtumikia Tatu. Nilimtilia maji ya kuoga kabla ya wote, nikamwachia kigoda. Kwa shangazi Damari sikuwa mkorofi, namshukuru Mungu, ila nilimtazama kwa jicho la kupima. Usiku tukilala nilikuwa namlinganisha masikio na ya baba, pua na ya baba. Kuna siku niliona vidole vyake vya miguu vimekaa kama vya baba kabisa, kile cha pili kimepita kikubwa, nikajiambia vidole vya hivyo viko vingi duniani. Ukishaanza kushuku, hata ushahidi wa kukupinga unaugeuza ukutetee. Shangazi mwenyewe nadhani aliona. Siku moja, akinisuka, aliniuliza kwa nini namtazama kama askari wa tiketi. Nikasema simtazami. Akasema haya, basi kaa sawa, reli hii inapinda.

Jambo lililonichanganya lilitokea mavuno yalipoisha. Masinga alikuja na mdogo wake, kijana aliyekuwa ametoka kufanya kazi mashamba ya mkonge na hajakaa nyumbani muda mrefu. Watu walikuwa uani wanapepeta uwele, Bibi amekaa kivulini. Vijana wale wakaanza kama kawaida kumshambulia Damari, kwamba hata kupepeta hajui, huko Kondoa walikuwa wanampepeta yeye. Watu wanacheka. Yule mdogo akanogewa, akamgeukia Tatu, akasema, "Na huyu wa njaa naye, mbona anakula kama anaweka akiba?" Hapo kicheko kilikatika. Masinga alimshika mdogo wake mkono, akamvuta pembeni karibu na ukuta niliokuwa nimeegemea, na sauti yake haikuwa ile ya utani. Alimwambia, "Yule si wa kutaniwa. Nenda kamwombe radhi. Sasa hivi." Kijana akaenda, akapiga goti kwenye makapi. Tatu akasema hakuna neno mwanangu, akaendelea na ungo wake. Lakini nilimwona mikono inakwenda haraka kuliko upepo uliokuwepo. Nami, badala ya kuelewa, nikajisemea: umeona? Binti wa mwenye nyumba hatukanwi.

Aliyenifungua macho ni Tatu mwenyewe, siku chache kabla baba hajatuma nirudi Itigi. Tulikuwa wawili jikoni. Shangazi Damari alikuwa amekwenda stesheni na Salome, Bibi amelala. Nilikuwa nimeshaamua kuwa siwezi kuondoka bila kumpa haki yake, kwa hiyo nilipompa maji ya kunywa nilimwita shangazi. Akashusha kata. Akaniuliza nimesemaje. Nikarudia. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, akasema, "Shangazi yako ni Damari. Mimi ndiye niliyeletwa." Akanieleza kwa kifupi, maana hakuwa mtu wa maneno: baba yake alimleta kutoka pande za Kondoa kwenye njaa, yeye akiwa wa kushikwa mkono, akamwacha kwa babu yangu kwa chakula, akasema atarudi mvua zikinyesha. Mvua zilinyesha miaka mingi. Nikamwuliza, kama ni hivyo mbona Masinga anasema ni Damari, mbona Damari ndiye anayetukanwa. Tatu akacheka kidogo, na sikuwa nimemsikia akicheka kabla ya hapo. Akasema ukoo wa Masinga na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Wao ndio hutuchimbia makaburi, ndio wanaoruhusiwa kuigiza marehemu msibani na kuchukua kuku bila kuomba. Mtani hutafuta jambo linaloweza kuuma, analimwaga kwa asiyeweza kuumwa nalo. "Hilo la chumvi na njaa ni langu," akasema. "Wanamvisha Damari kwa sababu kwake si kweli. Mimi wataniambia vipi?" Akachochea moto. Kisha akasema maneno ambayo nimekaa nayo miaka hii yote. "Nimeishi humu toka sijaota meno ya ukubwa. Sijatukanwa hata siku moja. Unadhani ni jambo jema?"

Ningeweza kuishia hapo na kusema ndiyo huo ukweli. Lakini mtu akishakosea mwaka mzima kwa kujiamini, hajiamini tena hata anapokuwa sahihi. Wakati Joeli anasoma wasifu nilijiuliza: ni kweli Tatu aliniambia vile, au nimejitungia baadaye ili nijipumzishe? Hakukuwa na shahidi. Na hata kama aliniambia, si huenda alisema hivyo kumlinda Damari aliyekuwa ameachika na kurudi nyumbani na mtoto, wakati ambapo kuwa mgeni kungemfukuzisha? Watu wa nyumba moja husetiriana. Baba yangu alishafariki, Bibi alishafariki, Tatu alifariki mimi nikiwa nimeolewa, na sikufika kumzika. Aliyebaki ni Mzee Masinga peke yake, na huyo ni mtani. Utamwulizaje ukweli mtu ambaye kazi yake kwenu ni kusema uongo?

Kikao kilikaa uani, saa nne. Kaka Yeremia kwenye kiti cha mkono, Joeli pembeni yake, Salome chini kwenye mkeka amejifunga kanga kiunoni kama anayesubiri kubeba kitu. Mzee Masinga aliletwa na mjukuu wake kwa pikipiki, akakaa kwenye kigoda na fimbo yake katikati ya magoti, macho amefumba. Niliomba kusema, nikasema yote niliyoandika hapa, pamoja na kwamba sina hakika. Joeli alinisikiliza vizuri. Aliposimama alieleza kuwa siku ya msiba alipewa kazi ya kuandika wasifu akiwa na muda mfupi, akamfuata Mzee Masinga kwa kuwa ndiye mkubwa, akamwuliza marehemu alizaliwa wapi. Mzee akamjibu Kondoa, kwenye njaa, alibadilishwa kwa chumvi. Joeli akaondoa chumvi kwa heshima ya marehemu, yaliyobaki akayaandika. Na mama mmoja jirani alimthibitishia kuwa kweli humu kuliwahi kuwa na mwanamke aliyeletwa na njaa kutoka Kondoa. Akasema, "Shangazi, mimi nimekulia Mwanza. Mzee wa miaka themanini ameniambia kitu msibani, ningejuaje kuwa anatania?" Nilimwelewa kuliko alivyofikiri.

Kaka Yeremia akasema tumesikia, lakini Perisi alikuwa mtoto na yeye mwenyewe anakiri kutokuwa na hakika, na maneno ya mtani si ushahidi wa upande wowote. Akasema tukiandika "aliyelelewa" hatujamkosea mtu, maana hata aliyezaliwa hulelewa. Aliongea taratibu, kwa busara, na ile busara ndiyo iliyoniongezea mashaka. Salome akainua uso akasema, "Kaka, mama yangu ulimwita shangazi miaka yote. Ulikuwa unamsaidia?" Yeremia alitazama mikono yake.

Hapo Mzee Masinga akafumbua macho. Sikujua kama alikuwa anasikia. Akamwita kaka yangu kwa jina tupu. "Yeremia. Tatu ulimkuta?"

Kaka akasema alimkuta, yeye mwenyewe akiwa mdogo.

"Ulinisikia nikimtukana?"

Kaka akafikiri. Akasema hapana.

"Na Damari?"

Watu walianza kucheka kabla hajajibiwa, kwa sababu kila mtu pale alikuwa na yake anayoikumbuka. Mzee hakucheka. "Mimi asiye wenu simtukani," akasema. "Asiye wenu namwamkia." Akafumba macho tena. Vumbi likapita katikati yetu. Yeremia akamwita fundi, akamwambia aandike binti wa, akamtajia jina la babu. Jina alilitaja lote, na la baba yake babu. Sijui alikuwa amekusudia nini mwanzoni. Inawezekana hakukusudia lolote ila aliamini alichosomewa, kama mimi nilivyoamini nilichosikia ukutani. Nimeamua kuacha swali hilo wazi, ingawa jicho langu bado liko kwenye vile vigingi vya wapimaji.

Ila kuna jambo limenikaa vibaya tangu mchana. Tulipokwenda kuangalia saruji, nilimwuliza Mzee Masinga Tatu alizikwa wapi. Akaonyesha kwa fimbo, hatua chache kutoka kwa Damari, mahali pana mawe mawili na kichaka cha minyaa. Alivua kofia alipoonyesha, na mjukuu wake naye akavua. Wakati wote nilikuwa napigania kumwondolea Damari maisha yasiyo yake, na nimefanikiwa. Lakini siku ile kanisani ndipo maisha ya Tatu yalisomwa kwa watu mara ya kwanza na ya mwisho, chini ya jina la mwingine, na mimi ndiye nimeyafuta. Nimemwambia Joeli, yeye ana simu na anajua kuandika, ayaandike upya kwa mwenyewe. Amesema atafanya. Nimemwomba asinichukue mimi peke yangu kama shahidi.

Jioni Salome alipika ugali wa uwele na majani ya kunde ya kukausha, yaliyoungwa kwa karanga, na Yeremia naye akabaki kula, ingawa alisema ana safari. Tulikaa uani upepo ulipotulia. Mzee Masinga alionja, akasukuma bakuli mbele kidogo, akamwambia Salome kuwa mboga hii inafaa mtu asiye na meno wala macho. Salome alishika mwiko kwa muda bila kuusogeza, kisha akamwongezea.

"Basi kula," akamwambia. "Vyote huna."